Kisu Changu Mezani kwa Walinzi

Walikifungua kisu changu Ijumaa jioni, wakati wa kutoka kazini, mbele ya foleni ya watu zaidi ya ishirini, na waliokuwa nyuma wakasogea mbele ili waone vizuri. Mpaka leo nikikumbuka nawaka. Watu wangu wa karibu wameshaniambia mara nyingi kwamba nakuza mambo, kwamba kisu ni kisu tu. Basi nieleze ilivyokuwa, halafu mtu aniambie nilipokuza ni wapi.

Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kidogo nje ya mji wa Geita. Kiwanda kilikuwa cha kuchenjua marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wadogo wameshausaga na kuuosha wakachukua dhahabu waliyoiweza. Wenye mitaji huununua, wakauloweka kwa dawa kwenye matangi, wakatoa ile iliyobaki. Mimi na dhahabu hatukuwa na ukaribu wowote. Kazi yangu ilikuwa chokaa, glavu, mabuti, mipira ya maji, misumari, na daftari la kuonyesha nani kachukua nini. Chumba cha dhahabu kilikuwa upande wa pili wa uwanja, na sikuwa na ruhusa hata ya kusimama karibu na mlango wake.

Kila anayetoka alikaguliwa getini. Hilo sikuwahi kulilalamikia. Dhahabu hata punje yake ndogo ina thamani, na mwenye mali ana haki ya kulinda mali yake. Miaka minne nilivua viatu, nikanyoosha mikono, nikafungua mkoba, nikaenda zangu. Walinzi wa zamani walikijua kisu changu kama walivyoijua sura yangu. Lakini mwezi ule waliondolewa, wakaletwa wengine.

Kisu chenyewe ni cha kukunja, kinaenea kiganjani, mpini wake umebanwa kwa vipande viwili vya mti mweusi, na ubapa wake ni mrefu kama kidole changu cha kati. Nilikinunua Kagongwa nilipokuwa msichana, karani wa mizani kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Gunia la mpunga hushonwa mdomo kwa uzi, na likifika kwenye mizani lazima mtu aukate uzi ule ili mnunuzi aone punje. Wanaume wote pale walikuwa na visu mfukoni. Mimi nilikuwa wa kuomba. "Kaka, niazime kisu." Mara kumi kwa siku, na kila mara sikosi kuambiwa neno. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilikwenda kwa mchuuzi aliyetandaza vitu vyake juu ya turubai, nikachagua. Akaniuliza kama namnunulia mchumba. Nikamwambia najinunulia mwenyewe. Akacheka huku akinifungia kwenye gazeti.

Tangu hapo kisu kimekaa mkobani mwangu. Nimekatia uzi, kamba, nailoni, mpira wa maji, chungwa, muwa, na kitovu cha mtoto wa mbuzi siku moja nyumbani kwa wakwe zangu kule Bukombe. Pale kiwandani nilikatia mifuko ya chokaa, kila siku ya kazi.

Sasa Ijumaa ile. Nilipofika kwenye meza ya ukaguzi, mlinzi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa kofia iliyomzidi kichwa. Akanisalimia kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Toa vilivyomo mkobani."

Nikatoa simu, kitambaa, funguo, kopo la mafuta ya kujipaka, na kisu. Akaruka vyote akashika kisu.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Cha mzee?"

"Mzee yupi?"

"Mzee wa nyumbani. Mumeo."

"Nimekwambia ni changu."

Akakitikisa karibu na sikio. Kilikuwa kimelegea kidogo, kwa hiyo ubapa uligongagonga ndani ya mpini. Macho yakamtoka. Akaugonga mpini kwa ukucha, akasikiliza tena.

"Humu ndani kuna uwazi," akamwambia mwenzake.

Nikamweleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kila kisu cha kukunja kina uwazi, kwa sababu ubapa ukikunjwa lazima uwe na pa kuingia. Mwenzake akacheka. Yeye hakucheka. Akaagiza bisibisi, akaletewa ile ya kufungulia betri ya pikipiki, bapa, pana, wakati skrubu za kisu changu zina tundu la nyota dogo kama punje ya mtama. Nikamwambia hiyo haiingii. Akailazimisha. Nilisikia chuma kikisaga chuma. Skrubu ya kwanza ilitoka ikiwa imemenyeka kichwa, nyingine zikafuata moja moja, kisha akaupenyeza mdomo wa bisibisi katikati ya mpini akaupasua kama mtu anayefungua ganda la kunde kavu kwa meno. Vyuma vikamwagika mezani. Kimoja, cha duara, kikabiringika hadi ukingoni kikaanguka kwenye kokoto.

"Kimeanguka kimoja," nikasema.

Hakuna aliyeinama. Nilipotaka kuinama mimi, mwenzake akaniwekea mkono mbele. Haruhusiwi mtu kugusa chini wakati wa ukaguzi.

Ndani ya mpini kulikuwa na uchafu wa miaka. Nyuzi, utomvu wa machungwa uliokauka, na vumbi jeupe. Yule mlinzi alilowesha kidole kwa ulimi, akachovya lile vumbi, akaliinua kwenye mwanga wa jua.

"Hiyo ni chokaa," nikamwambia. "Usiirudishe mdomoni, itakuunguza."

Watu wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomkera, kwa sababu alikusanya vipande vyangu kwa kiganja, akavitia kwenye kifuko cha nailoni kilichokuwa na karanga zake, na maganda ya karanga yakiwa bado yamo, akanisukumia.

"Haya mama, unaweza kwenda."

"Kirudishe kama kilivyokuwa."

"Mimi siyo fundi."

"Ulipokifungua ulikuwa fundi?"

"Mama, yaishe. Hii ni kazi tu."

Ningeweza kuondoka hapo nikiwa na hasira ya kawaida. Lakini mwenzake alikuwa ameshainamia kitabu cha matukio, na mimi kwa kazi yangu nimezoea kusoma karatasi za madereva zikiwa juu chini, upande wa pili wa meza. Nikasoma alichoandika. Aliandika jina langu na cheo changu, halafu: amekutwa na kisu chenye mpini wa kufichia, anafuatiliwa.

"Andika na kwamba hamkukuta kitu," nikasema.

"Hiyo ataandika mkuu wa zamu Jumatatu."

Anayeishi mji wa dhahabu anajua maana ya mstari kama ule. Hauhitaji kupelekwa polisi. Inatosha karani mmoja ausome, amwambie mpishi, mpishi amwambie dereva, na kufika Jumapili hata muuza nyanya wako anakuangalia kwa macho ya kukuuliza umeficha wapi. Miaka minne sikupoteza hata jozi moja ya glavu. Sasa nilikuwa mtu anayefuatiliwa, na kifuko cha maganda ya karanga mkononi.

Nilipanda bodaboda hadi nyumbani, Kalangalala. Mume wangu alikuwepo. Yeye ni dereva wa lori la mpunga, na wiki ile alikuwa mapumziko. Nikamwaga vile vipande mezani mbele yake, nikamsimulia yote, nikiwa bado nimesimama na mkoba begani. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole wake:

"Si ununue kingine? Sokoni vimejaa."

Nikamwangalia.

"Na la kitabu?"

"La kitabu achana nalo. Ukilifukua watakutafutia sababu, utapoteza kazi. Watasahau tu."

Siyo mtu mbaya. Lakini jioni ile nilimpakulia ugali bila kusema neno, na nadhani alielewa, kwa sababu vyombo aliviosha yeye.

Jumamosi asubuhi nilitandika kanga kwenye sinia, kitu kidogo kisibiringike, nikapanga kila kipande mahali pake. Ubapa. Mabamba mawili membamba ya chuma yanayokaa ndani ya mpini, kulia na kushoto. Bamba moja lina kiulimi kilichokatwa humo humo, kimepinda kidogo. Ndicho kinachoruka nyuma ya ubapa ukifunguliwa, kuuzuia usijifunge juu ya vidole. Vipande viwili vya mti. Kipande cha mgongo. Skrubu ndogo tano. Skrubu moja nene ya katikati, ambayo ubapa unazungukia kama mlango kwenye bawaba. Washa moja ya shaba, kile kiduara chembamba chenye tundu katikati.

Moja. Zinatakiwa mbili, moja kila upande wa ubapa, ili chuma kisisage chuma. Nilitikisa kifuko, nikapekua ganda moja moja la karanga, nikatikisa mkoba, nikavua hata viatu vya jana. Washa ya pili ilikuwa imebaki kwenye kokoto za geti lao.

Nikaanza kwa kusafisha. Mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Uchafu ule ulitoka mweusi, na nilivyosugua ndivyo nilivyozidi kuongea peke yangu. Nilimjibu yule mlinzi majibu yote ambayo hayakuja kinywani Ijumaa. Nilimjibu mwenzake. Nilimjibu mchuuzi wa Kagongwa, ambaye sijui hata kama bado yu hai. Mume wangu alipita uani mara mbili, akatazama sinia, akaendelea na safari yake.

Bisibisi ya nyota sikuwa nayo. Nikaenda kwa fundi simu aliye karibu na barabara, kijana mtanashati ambaye meza yake ina bisibisi ndogo ndogo zimepangwa kwa ukubwa kama meno. Nikamwonyesha skrubu.

"Hii ninayo. Lete na kisu chenyewe, mama, nikufungie. Dakika tano."

"Nataka kuazima bisibisi. Nitafunga mwenyewe."

"Vitakusumbua. Hivi vitu siyo vya akina mama."

Ningekuwa siku nyingine ningetabasamu. Siku hiyo niliweka viganja vyote viwili juu ya meza yake.

"Mwanangu, nikikuletea kisu ukanifungia, kikilegea tena nije tena. Mwakani nije tena. Niambie ni kitu gani kwenye skrubu kinachojua kama anayeizungusha ni baba au mama."

Kisha, na hili namshukuru, akachukua ile skrubu iliyomenyeka, akaigeuza, akasema aliyeifungua alitumia bisibisi ya uongo. Akanitafutia nyingine ya kulingana nayo kwenye kopo lake la vyuma vya simu mbovu, akaniazima na bisibisi mbili za nyota, kubwa na ndogo.

"Ile ya katikati usiikaze ukamaliza," akaniambia. "Kaza kidogo, jaribu, legeza, jaribu. Mpaka yenyewe ikubali."

"Na washa nitatoa wapi?"

"Tengeneza. Plastiki laini inatosha."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimepungua hasira kwa kiasi cha kijiko.

Washa ya kwanza niliikata kwenye kifuniko cha ndoo, nikaitoboa kwa msumari niliouchoma kwenye mkaa. Ilikuwa nene. Nilipofunga, ubapa haukutoka kabisa, ulikwama kama uliogandishwa. Nikafungua vyote. Ya pili niliikata kwenye chupa ya maji. Nyembamba mno, na ubapa ukaegemea upande mmoja, ukakwaruza bamba. Nikafungua vyote tena. Katika kufunga mara ya tatu nilikosea nikaweka bamba lenye kiulimi upande usio wake, na sikugundua mpaka nilipomaliza skrubu zote. Nikafungua kisu, nikakibonyeza kujaribu, na kwa kuwa hakukuwa na cha kukizuia, kikajifunga juu ya kidole gumba.

Hakikuingia sana. Lakini damu ilidondoka kwenye sinia, na hapo nililia. Sikulia kwa sababu ya kidole. Nililia kwa sababu Jumamosi yangu nzima ilikuwa inaliwa na dakika tatu za uzembe wa mtu mwingine, ambaye saa ile huenda alikuwa amekaa mahali anakunywa soda yake, hanikumbuki. Yeye alilazimika kujua kitu kimoja tu, kuvunja. Mimi nilitakiwa kujua mahali pa kila skrubu.

Nikafunga kidole kwa kitambaa. Nikafua nguo, nikaanika, nikapika mchana. Nikarudi kwenye sinia.

Washa ya tatu niliitoa kwenye dumu jeupe la mafuta ya kula, ile sehemu ya shingoni ambapo plastiki ni ngumu lakini siyo nene. Nikaifuatisha kwa kalamu kwenye washa ya shaba, nikaikata kwa mkasi wa kucha, nikaisugua kwenye saruji ya kibaraza mpaka zote mbili zikalingana nikizipapasa nimefumba macho. Nikapanga. Bamba la kiulimi chini, washa ya shaba, ubapa, washa ya plastiki, bamba la pili, kipande cha mgongo, vipande vya mti. Tone moja la mafuta ya cherehani kila upande. Skrubu ndogo kwanza, zote zikiwa zimelegea. Kisha ya katikati.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukikaza sana, ubapa hauji. Unahitaji mikono miwili na kucha zinakatika. Ukilegeza sana, unatoka vizuri lakini unacheza kushoto na kulia, na ndivyo ulivyokuwa unacheza Ijumaa ile, ndiyo maana nikaonekana mwizi. Katikati ya hayo mawili kuna nafasi ndogo, pengine upana wa unywele kwenye mzunguko wa bisibisi. Nilikaza. Nikajaribu. Nikalegeza. Nikakikunja nikakishika mlangoni dhidi ya mwanga, kuona kama ubapa umekaa katikati ya mabamba yake au umeegemea. Umeegemea kulia. Nikakaza skrubu ya mgongo ya upande huo, nikalegeza ya katikati kidogo sana. Nikatazama tena. Sikuhesabu mara ngapi. Jua lilitoka kibarazani likahamia ukutani.

Kisha nikasukuma ubapa kwa dole gumba lenye kitambaa, ukazunguka wenyewe, taratibu, bila kukwaruza, na kiulimi kikaingia nyuma yake kwa mlio mmoja mfupi. Ta. Nikautikisa kushoto na kulia. Kimya. Nikaubonyeza kwa mgongo wake kwenye ukingo wa kigoda. Haukurudi.

Nikafungua ile skrubu ya katikati kwa mara ya mwisho, nikaipaka rangi yangu ya kucha kwenye hesi zake, ile mistari inayojizungusha, rangi nyekundu, ili ikikauka isilegee yenyewe, nikaifunga pale pale ilipokubali. Nikaiacha ilale mpaka kesho.

Jumapili, tuliporudi misa ya pili, mume wangu alikichukua mezani bila kuniomba. Akakifungua, akakifunga. Akakifungua tena, akakiangalia ubavuni.

"Mh," akasema. "Kimekuwa laini kuliko mwanzo."

"Kilikuwa hakijawahi kusafishwa."

Akamenya chungwa zima, ganda likatoka refu bila kukatika. Akalila nusu, nusu akanipa. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo kesho utasema?"

"Nitasema."

Akatema mbegu za chungwa. "Basi nitakupeleka mwenyewe kwa pikipiki."

Hakusema kwamba nina haki wala kwamba sina. Lakini asubuhi aliamka kabla yangu.

Mkuu wa zamu getini alikuwa mtu mzima, mwenye Kiswahili chenye uzito wa Kisukuma, na kila mwanamke alimwita mayu, yaani mama. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Yule mlinzi wa kofia kubwa alikuwa amesimama nyuma yake. Nikaweka kisu mezani, kimekunjwa.

"Hiki kilifunguliwa hapa Ijumaa, kikatolewa vipande. Nimekirudisha. Naomba mkikague kwa macho yenu, halafu ile taarifa ya kitabuni irekebishwe."

Mkuu wa zamu akakifungua, akakifunga, akanirudishia. "Mbona kizima, mayu? Mambo madogo hayo. Yaishe."

Kama kuna neno linalonichosha katika nchi hii ni hilo. Anayelisema sikuzote ni yule ambaye kwake yameshaisha.

"Hayajaisha. Kitabuni nimeandikwa nafuatiliwa."

"Sogea pembeni tuongee, wenzako wapite."

"Tutaongea hapa hapa. Nilivuliwa heshima hapa hapa."

Sauti yangu ilikuwa imepanda, najua. Nyuma yangu foleni ya kuingia ilikuwa imeshafika barabarani, na nilitegemea mtu aniambie nisiwacheleweshe. Mlinzi wa kofia akasema, "Mama, unawachelewesha wenzako." Nyuma kabisa sauti ya mwanamume, mmoja wa wapakiaji wa mchanga, ikasema, "Tunasubiri." Kisha mwingine: "Msomeeni kitabu chake."

Honi ikalia. Lilikuwa gari la meneja, limezuiwa na foleni. Akashuka, akaja mpaka mezani akiuliza kuna nini, na watu wanne wakamjibu kwa pamoja. Akaomba kitabu. Akausoma ule mstari, akausoma tena.

"Anafuatiliwa," akasema. "Anafuatiliwa na nani?"

Mkuu wa zamu akamtazama mlinzi, mlinzi akaitazama meza.

"Mlikuta nini?"

"Chokaa, bosi."

Meneja akavuta pumzi, kisha akanigeukia mimi, na nikafikiri sasa ataomba radhi. Akasema:

"Na wewe mama, kwa nini unatembea na kisu?"

Nikakiweka kisu tena mezani, mbele yake.

"Kwa sababu kila siku naletewa mifuko ya chokaa niifungue, na kwa miaka minne kiwanda hakijanipa kisu. Nafanya kazi yenu kwa chombo changu, halafu chombo changu kinavunjwa kwa sababu nafanya kazi yenu."

Akamwambia mkuu wa zamu andikeni inavyotakiwa, na mnunulieni kisu cha stoo. Akarudi kwenye gari.

Mkuu wa zamu alipiga mstari juu ya lile neno. Akaandika kwamba mpini ulifunguliwa na walinzi, hakikukutwa kitu, na kisu kilikuwa chombo cha kazi. Nilimwomba atie sahihi pembeni ya mstari, akatia. Yule mlinzi naye akaambiwa aseme neno.

"Samahani mama, kama nimekukwaza."

Kama. Alikuwepo, alishika bisibisi kwa mkono wake mwenyewe, na bado alitaka iwe ni jambo ambalo huenda lilitokea na huenda halikutokea. Nikamwambia, "Umenikwaza," nikapita. Nje ya geti nilimwona mume wangu juu ya pikipiki, alikuwa hajaondoka. Akaniinulia mkono, akawasha, akaenda.

Mchana, nikiwa nahesabu mabuti, aliingia mama anayewapikia wafanyakazi, mwanamke mpole wa Ushirombo ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akinyanyua sauti. Akasimama mlangoni, akavuta kitambaa chake kichwani.

"Nilikuwa kwenye foleni asubuhi," akasema. "Na mimi wameshanifumua nywele mara tatu. Pale pale mezani, wanaume wamesimama. Wanasema kwenye msuko naweza kuficha. Nikifika nyumbani inabidi nifumue zilizobaki, maana zimekaa nusu nusu."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani?"

Aibu ilinishika, kwa sababu mara moja katika hizo tatu nilikuwepo. Nilikuwa nyuma yake, naangalia simu yangu, nikisubiri zamu yangu ifike.

Kesho yake tuliingia pamoja. Mkuu wa zamu alipotuona tumesimama mezani akakunja uso.

"Na leo nini tena, mayu?"

Safari hii sikufungua mdomo. Yule mama wa Ushirombo alifungua kitambaa chake, akakikunja vizuri, akakiweka mezani, akaanza kusema, polepole, kuanzia mara ya kwanza. Mkuu wa zamu alimsikiliza kidogo, kisha akavuta kitabu, akatafuta ukurasa mtupu. Mlangoni kwa stoo wapakuzi walikuwa wananisubiri, wamekaa juu ya mifuko. Nikawaacha wasubiri mpaka mwenzangu alipomaliza.